Konvata ya Quinter

Mimi ni Mongina, na nyumba yangu na ya Quinter zilikuwa na ukuta mmoja katikati. Nyumba za kampuni ziko hivyo, mstari mrefu wa mabati, milango yote inatazama majani chai, na ukuta ni mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande ule unamwambia pole ukiwa upande huu. Kwa hivyo msiniulize nilijuaje. Masikio ninayo, na kila mumewe, Ogada, akiwa shifti, Quinter alikuwa anakuja kukaa kwenye kibao changu pale nje, anamenya viazi vyangu bila hata kuombwa.

Watu wa hapa kambini wanasema Quinter aliacha bwana mzuri. Haya, ngoja niwaambie kuhusu huyo bwana mzuri.

Ogada ni fundi wa mitambo kiwandani, huko majani yanakosagwa na kukaushwa. Hanywi pombe. Jumapili yuko kanisani na shati limepigwa pasi. Nikisema kulikuwa na shida katika ile nyumba, mtu ananitolea macho, ananiuliza, "Kwani alimpiga?" Hakumpiga hata siku moja. Shida ya Ogada ni kukaza vitu. Dirisha lao lilikuwa linagongagonga upepo ukivuma, akalipiga skrubu, halikufunguka tena. Meza ilikuwa inayumba, akaifunga kwa bolti kwenye sakafu. Mlango wa nyuma akauwekea kufuli, ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Na hayo yote aliyafanya kwa upole, akipiga mluzi, kazi safi kabisa.

Mkewe naye alimkaza vivyo hivyo. Quinter akienda sokoni, anasindikizwa. Akienda mazoezi ya kwaya, Ogada anamngoja nje, amekaa kwenye mawe na mwavuli. Simu nzuri aliyokuwa nayo aliambiwa inamharibia macho, akanunuliwa kabambe, kile kisimu kidogo cha vibonyezo. Hawakuwa wamejaliwa watoto bado, kwa hivyo hakuwa hata na mtoto wa kumpa sababu ya kutoka.

"Mama," aliniambia siku moja, ameshika kisu na kiazi, "mimi nikivuta pumzi naona kama ninaomba ruhusa."

Ningemwambia nini? Mtu hapigwi, hatukanwi, analishwa samaki.

Kitu pekee kilichokuwa chake ni kamera. Dada yake, Maxine, alikuwa akipiga picha za mahafali pale chuo cha Kabianga, kisha akapata kazi Uarabuni, akamwachia. Kamera ya dijitali, si mpya, na lenzi mbili: moja fupi ya kupigia watu karibu, na moja ndefu ya zoom, ile ya kuvuta. Quinter alijifundisha mwenyewe. Alitundika shuka jeupe ukutani, akawa anapiga picha za kitambulisho ndani ya chumba kile kidogo, halafu ubatizo, halafu kwaya. Ogada hakumkataza. Alimtengenezea kabati la kuwekea kamera, zuri, la mbao, lina kufuli. Ufunguo mnajua ulikaa wapi.

Sasa sikilizeni. Picha zake za ubatizo zilipelekwa kuchapishwa Bomet, kwa mama mmoja mwenye studio anaitwa Tecla. Tecla akaziangalia, akauliza aliyezipiga ni nani, akatafuta namba, akapiga simu. Ogada akiwa kiwandani, Mungu anisamehe, simu ilipigwa kwangu.

"Niletee sherehe moja nzima," Tecla alimwambia. "Nione sura, mikono, wazee, akina mama, kila kitu. Ikiwa nzuri, una kazi hapa. Kamera za studio ziko, ni aina hiyo yako tu. Lenzi ndizo kila mtu huja na zake. Na kuna chumba nyuma ya duka cha kulala."

Quinter aliponirudishia simu alikuwa analia. "Chumba, Mama. Umesikia? Chumba."

Nilisikia. Kazi ilikuwa kitu kizuri, lakini si kazi iliyomfanya alie pale kwangu. Ni kile chumba, chenye mlango ambao ufunguo wake angeushika yeye.

Na sherehe ilipatikana upesi. Rebeccah, mkulima wa chai na maziwa kule Kabianga, alikuwa anamfanyia binti yake Janeffer koito. Koito ndiyo posa ya Wakipsigis: watu wa kijana wanakuja kwa wazazi wa msichana, wazee wanaketi ndani wanaongea mpaka wakubaliane, kisha wanapakana siagi kwa baraka. Janeffer alikuwa amesoma na Maxine, ndiyo sababu akataka Quinter ndiye apige picha. Tecla alisema picha ya siagi ndiyo kila familia hutaka kubwa, ya kutundika sebuleni. Quinter akiipata hiyo, amepita.

Yeye ni mtu mwaminifu, akamwambia mumewe yote. Hata kile chumba. Mimi ningemwambia nusu. Niliweka sikio kwenye ukuta nikangoja kelele, lakini Ogada alisema tu, "Sawa, nyar Alego." Hivyo ndivyo alivyomwita, binti wa Alego. "Sawa. Ni vizuri." Baadaye kidogo nikasikia mluzi.

Wiki iliyofuata akamletea zawadi. Quinter alikuja nayo kwangu mbio, imefungwa kwenye sanduku dogo. Kitu cha duara, cheusi, kifupi, kina vioo ndani.

"Ni nini sasa hiki, chupa ya Vaseline?"

"Ni telekonvata, Mama! Unaiweka katikati ya kamera na lenzi, inavuta mara mbili zaidi."

Mimi ni mchuma chai, sikuelewa kitu, basi akachukua chapati kwenye sahani yangu. "Angalia. Kamera kubwa za matajiri zinaona chapati yote. Hii yangu ina sensa ndogo, ile ya ndani inayoshika picha, inaona hapa katikati tu." Akamega pembeni kote, akabaki na kipande cha katikati. "Halafu inakuonyesha hicho kipande kikijaza sahani nzima. Ndiyo unaona kama vitu vimekuja karibu. Nikiweka ile zoom, inamega tena. Nikiweka na konvata, inamega tena." Akaendelea kuharibu chapati yangu mpaka ikabaki tonge. "Mtu akiwa kule kwenye mikaratusi, naona vifungo vya shati."

"Na mtu akiwa hapa kama mimi?"

"Wewe nitaona pua tu." Tukacheka. "Na inakunywa mwanga, Mama. Ndani ya nyumba ni kama umevaa miwani ya jua. Hata kulenga yenyewe haiwezi, unalenga kwa mkono. Lakini ni kitu cha kuvaa na kuvua. Nikitaka mbali naivaa, nikitaka karibu naivua naweka lenzi fupi. Ile fupi haiwezi kukaa juu yake kabisa, imechomoza kwa nyuma."

Nilimwona amefurahi, nami nikafurahi. Nilisema moyoni, labda huyu mwanaume tulimkosea.

Konvata yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, ilikuwa inacheza kidogo mahali inaposhika kamera. Wakati mwingine kamera ilizima kwa sababu ya huko kucheza. Ogada akasema, "Lete niipeleke kiwandani niikaze." Akaondoka na kamera nzima. Akakaa nayo. Kila Quinter akiuliza, jibu ni kesho. Akairudisha Ijumaa jioni, na koito ni Jumamosi asubuhi.

Nilikuwa nakaanga mboga niliposikia Quinter akisema, "Haitoki."

"Itatokaje? Si ulisema inacheza?"

"Nilisema inacheza. Sikusema isitoke."

"Sasa imeshika. Hata ukiiangusha haiachi."

"Ogada, kesho ni ndani ya nyumba. Watu watakuwa karibu. Nahitaji lenzi fupi."

"Basi si usimame mbali," akasema Ogada, kwa ile sauti yake ya upole. Halafu akaomba chai.

Quinter alinijia na kamera imefungwa kwenye leso. Ukibonyeza kile kibonyezo cha kufungua, kinaingia vizuri, lakini konvata haizunguki. Mimi mikono yangu imechuma chai tangu nikiwa msichana, nikafungua leso nikaishika nikaizungusha mpaka bega likalia. Ng'o! Lenzi ndefu ilitoka mbele bila taabu. Konvata ndiyo iliyong'ang'ania kamera.

"Amekosea tu, Mama," Quinter akasema. "Alitaka kunisaidia."

Mtu akitaka kuamini kitu namna hiyo, unamwachia.

Asubuhi tulikwenda Kabianga wawili, mimi nimebeba stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Ogada alisema yuko shifti mpaka saa nane. Nilishangaa kwamba safari hii hatusindikizi, nikasema labda kweli ameanza kulegea.

Kwa Rebeccah kulikuwa kumependeza. Ng'ombe wamefungwa kando, nyasi imefyekwa, akina mama wamevaa sare, sufuria zinatoa moshi. "Chamgei!" Rebeccah akatupokea kwa mikono miwili. "Mpiga picha amefika! Ingieni, ingieni ndani, wazee wameanza kukaa."

Quinter akaingia. Nilimtazama akiinua kamera, akaishusha, akarudi nyuma hatua, akaiinua tena. Mgongo wake ukagonga kabati la vikombe. Kutoka hapo alikuwa anaona sikio la mzee mmoja, sikio tu, jeusi kwa sababu mwanga hakuna. Akatoka nje kwenye baraza, akajaribu kupitia mlangoni. Akapata nusu ya uso. Akarudi mpaka kwenye zizi, watu wakawa wanapita mbele yake na sinia. Akarudi tena, tena, mpaka akatoka kwenye boma kabisa, akaingia kwenye mistari ya chai ng'ambo ya njia, na mimi nyuma yake na ile stendi, umande umetulowesha mpaka kiunoni.

Watu walianza kucheka. Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akapaza sauti, "Huyo anapiga koito ama anapiga ndovu?"

"Funga domo lako, wewe mgeni!" nikamwambia. Akacheka zaidi.

Quinter hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa ameinama kwenye kamera, anazungusha pete ya lenzi kwa vidole, anatafuta ule mlango ulio wazi na giza lililo ndani yake. Rebeccah akaja mbio njiani, ameshika sketi.

"Mama Mongina, kwani kuna nini? Wameshaanza siagi! Mwambie aingie!"

"Hawezi kuingia," nikasema.

"Hawezi kwa nini?"

Quinter akamweleza kwamba kamera imeharibika, haioni karibu. Akasema mbona wasitoke nje, hapo uani kuna mwanga. Rebeccah akamtazama kama mtu aliyeombwa ahamishe kanisa. Wazee wakishakaa kwa koito hawainuliwi kwa ajili ya picha, na mgeni anajua hilo. Akarudi ndani peke yake. Kutoka kule tulipokuwa tuliona mkono unapita mlangoni, unang'aa mafuta, ukapotea. Quinter alibonyeza. Akanionyesha kwenye kioo cha nyuma: ukungu, na doa la njano.

Hapo ndipo alipolia. Alilia amesimama, hakufuta machozi, akisema, "Nimefungiwa nje, Mama. Hata hapa nimefungiwa nje." Nikamshika mabega. Wimbo ulikuwa umeanza kule ndani, vigelegele juu, na sisi tumesimama kwenye chai.

Baadaye akapenga kamasi, akasema ataangalia kama kamera ina kasoro nyingine au ni giza tu. Akaigeuza upande mwingine, kwenye mwanga, ng'ambo ya kijito, ambako kuna ua wa mtu na njia ya kwenda dukani. Akalenga. Akazungusha pete taratibu. Halafu vidole vikasimama kwenye pete.

"Nini?"

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akasogea, akanionyesha.

Alikuwa Ogada. Ameegemea nguzo ya ua na mwavuli wake mkononi, wala hakuwa shifti. Alikuwa anaangalia nyumba ya Rebeccah na ile chai tuliyosimama. Kwa macho ya kawaida alikuwa mtu tu kule mbali, usingemjua. Kwenye kamera alikuwa hapa, unaona ndevu alizosahau kunyoa chini ya kidevu. Na alikuwa anatabasamu. Si kwa ubaya, hapana, ningependa kusema kwa ubaya. Alitabasamu vile fundi hutabasamu mashine aliyoitengeneza ikianza kuzunguka.

Quinter akafunga kamera kwenye leso, tukarudi nyumbani. Ogada alikuwa ametangulia kurudi, amepika ugali. "Ilikuwaje?" nikamsikia akiuliza. "Ilikuwa mbali," Quinter akamjibu.

Wiki hiyo nilimwambia Ogada mguu wangu unaniuma, namwomba Quinter anishike mkono mpaka hospitalini. Mguu wangu haujawahi kuuma hata siku moja. Tulikwenda Bomet. Tecla ni mwanamke mnene, mwenye miwani kwenye kamba, hana maneno mengi. Akaweka kadi kwenye kompyuta, akaanza kupitisha. Ukungu. Giza. Nusu ya uso. Migongo ya watu. Mzee, sikio. Nilitaka ardhi inimeze, na si mimi niliyezipiga.

"Quinter," akasema, "nilikuomba sherehe. Umenipigia kama uko kwenye mti wa mbali umejificha."

Quinter akatoa kamera kwenye leso akamwonyesha. Tecla akajaribu kuizungusha, akakunja uso. Akarudi kwenye kompyuta, na picha iliyofuata ikawa ya Ogada. Akasimama hapo. Akaiangalia muda mrefu, akavaa miwani vizuri, akaiangalia tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni bwanangu."

"Hakujua unamwona."

"Hakujua."

Tecla akaichapisha, akampa kwenye bahasha bila kudai kitu. "Siwezi kukupa kazi kwa picha moja," akasema. "Na siwezi kukupa kazi na hiyo kitu imekwama hapo. Siku utakuja bila hiyo kitu, njoo tu. Hata bila simu."

Tukarudi moja kwa moja kwa Nyabuto. Huyu ni kijana wa kwetu Kisii, fundi kiwandani pamoja na Ogada, anakaa mstari wa juu. Nilimwambia, "Mwanangu, tufungulie hii." Akaichukua, akaizungusha kwenye jua, akaona kitu pale inapokutana na kamera. Akakwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Nani aliweka hii?"

"Kwa nini?" Quinter akauliza.

"Kiwandani tuko na gundi mbili za bolti. Ya bluu ni ya kitu utafungua tena siku ya kusafisha. Ya nyekundu ni ya kitu hutaki kifunguliwe, hata mashine ikitetemeka namna gani. Hii ni nyekundu."

"Labda alikosea chupa," Quinter akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Bado alikuwa anamtafutia njia, haki ya Mungu, nilimhurumia mpaka nikakasirika.

Nyabuto akarudisha kamera kwenye leso, akaikunja vizuri. Akatazama chini. "Dada, mimi sitaki maneno na Ogada. Lakini yeye ndiye alinifundisha tofauti."

Mashine ya kiwanda ilikuwa inasikika kule chini.

"Inafunguliwa na nini?" Quinter akauliza.

"Nyekundu? Moto tu. Moto mkali. Lakini usijaribu, utaua kamera."

Kesho yake mchana nilikuwa nimewasha jiko langu nje, makaa yamekolea, nataka kuchemsha maharagwe. Quinter akatoka na kamera, na praya ya Ogada mkononi, ile koleo yake ya kukazia bolti. Akakaa kwenye kibao chake cha siku zote. Akatoa lenzi ndefu, akaifunga kwenye leso pamoja na ile fupi. Akatoa betri, akatoa kadi. Mambo yote kwa utaratibu, kama mtu anayemvua mtoto nguo. Nikaelewa.

"Quinter. Hiyo ni ya Maxine."

"Najua."

"Basi fikiria kwanza!"

"Mama, nimefikiria nimechoka."

Akaiweka kwenye makaa, konvata chini. Woi, harufu! Plastiki ilianza kutoa moshi mweusi, majirani wakatoka milangoni wameziba pua, wanauliza kunachomwa nini. Quinter alikuwa anaangalia tu, machozi yanamtoka kwa moshi au kwa kitu kingine.

Ogada alikuja kutoka shifti akakuta mstari wote uko nje. Alipoona kilichoko juu ya jiko alitupa mwavuli.

"Quinter! Unafanya nini? Hiyo ni kamera!"

"Naifungua."

"Si ungeniambia! Si ningekufungulia mimi!"

Kambi nzima ilisikia. Naye alijisikia mwenyewe, kwa sababu alifunga mdomo ghafla, akabaki amenyoosha mikono.

"Kumbe ulikuwa unaweza," Quinter akasema.

Akaivuta kwenye makaa kwa kitambaa changu kilicholowa maji, akaikandamiza na goti kwenye kibao, akaishika konvata na praya, akazungusha. Ilitoa mlio. Ikazunguka. Konvata ikaanguka kwenye vumbi, kamera ikabaki na upande mmoja umeyeyuka, imekufa kabisa. Lakini sasa zilikuwa vitu viwili.

Ogada akakaa chini pale pale alipokuwa, na ovaroli yake ya kazi. "Nilitaka ubaki," akasema. "Hakuna kingine. Nilitaka tu ubaki."

"Ungesema."

"Ningesema ungebaki?"

Quinter hakumjibu hilo. Nadhani hakujua, na mimi sijui mpaka leo. Aliingia ndani. Sisi wengine tulisimama kama watu wa matanga, hakuna anayetaka kuondoka wa kwanza. Ogada akainuka, akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwetu, mkono mmoja kila upande wa fremu. Alisimama tu, kama vile alivyozoea kusimama.

Quinter akatokea na mfuko mmoja na ile leso ya lenzi. Wakawa uso kwa uso. Nilishika mwiko.

"Ogada," akasema, "toka mlangoni."

Ilichukua muda. Halafu mkono mmoja ukashuka. Akapita.

Sasa Quinter yuko Bomet, analala nyuma ya duka, na picha za siagi anazipiga vizuri, Rebeccah mwenyewe alimwita tena kwa harusi ya Janeffer. Ogada bado ni jirani yangu. Majuzi nilimsikia akikwaruza na bisibisi siku nzima. Alikuwa anatoa skrubu za dirisha. Sasa upepo ukivuma dirisha linagonga ukuta, na hakuna anayelifunga.

Jana alikuja kwangu, akakaa kwenye kile kibao. Kwenye mkono alikuwa na ile picha aliyochapisha Tecla. Quinter alikuwa ameiacha juu ya meza, ile ya bolti. Akaniwekea magotini.

"Mama Mongina, hii ilipigwa wapi?"

"Kabianga. Siku ya koito. Wewe uko ng'ambo ya kijito, sisi tuko kwenye chai."

Akaishika tena. Akajiangalia, ule uso, lile tabasamu, zile ndevu chini ya kidevu. Akaangalia sana.

"Lakini nilikuwa mbali," akasema. "Mbali kabisa. Mbona nimeonekana karibu hivi?"

Nikaendelea kumenya viazi vyangu.

"Si ni wewe ulimnunulia konvata," nikamwambia.